Koti Moja la Mjomba

Juma lililopita nilishuka basi Moseley bila sababu, kama nifanyavyo kila nirudipo Birmingham. Nimehamahama miji mingi mno, hata begi langu silifungui lote siku hizi. Nyumba yetu ya zamani bado ipo, ile ndefu ya matofali mekundu, ila chini wameigeuza mkahawa. Niliingia kunywa chai, nikakuta watu wameketi wakimsikiliza mama mmoja akisimulia habari za mwandishi fukara wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, na kundi la marafiki zake. Mwandishi huyo nilimjua. Aliwahi kuninyima raha utotoni.

Mjomba ndiye aliyemleta nyumbani, katika kitabu chakavu alichokinunua soko la mitumba Digbeth. Alikuwa mdogo wake mama, aliyetoka Nakuru kuja kusomea uhasibu, akauacha ili aandike tamthilia ambazo hazikuigizwa na mtu isipokuwa marafiki zake wawili: mpiga gitaa wa Bukavu na mchora mabango wa Tanga. Jumamosi walipanda kutoka chumba walichopanga ghorofa ya chini hadi chumba chetu chini ya paa, palipokuwa na harufu ya mahamri na ya nguo mbichi zilizoanikwa mbele ya hita. Mjomba akafungua kitabu, akatusomea kwa Kiswahili papo hapo. Mwandishi yule na wenzake nao waliishi chini ya paa, wakivuta kiko kimoja kwa zamu.

"Wao kiko, sisi koti," alisema mchora mabango.

Ni kweli. Wanaume watatu walikuwa na koti moja tu la baridi, la kahawia, zito kama godoro. Anayetoka alilivaa, waliobaki walimngoja arudi. Ndiyo maana mpiga gitaa kila mara aliuliza, "Koti iko na nani?" na sote tukazoea kuuliza vilevile.

"Watu wazima watatu, koti moja! Hamwoni haya?" mama alifoka, mikono bado ikinuka sabuni ya hoteli alikofua mashuka.

"Dada, huu si umaskini. Ni fasihi."

"Basi kuleni hiyo fasihi."

Kisha akawaletea mahamri.

Mjomba hakuwahi kutusomea sura ya mwisho. Alikifunga kitabu akasema mwisho utangoja. Mimi sikungoja. Siku moja walipokuwa jikoni nilikisoma mwenyewe: mwandishi aliugua kifua, akalazwa hospitali, na wale wote waliokula mkate wake hawakuja. Mmoja alikuwa safarini, mwingine amenuna. Akafa akiutazama mlango.

Majira yaleyale ya baridi mjomba akaanza kukohoa. Theluji ilipoanguka, gari la wagonjwa lilikuja kumchukua. Sikumwambia mtu nilichokuwa nimekisoma. Nilikaa kwenye ngazi nikawaza kwamba rafiki zake walikuja kwa ajili ya mahamri, na sasa mama hakuwa na nafasi ya kuyapika.

Kesho yake, baada ya shule, mama alinipeleka kumwona. Mjomba alikuwa amelala kwa ubavu, macho mlangoni. Nami nikautazama mlango huohuo.

Koti likaingia. Ndani yake alikuwa mpiga gitaa, kashika chungwa. Aliketi, akamsengenya daktari kidogo, kisha akainuka. "Naenda, ndugu yangu. Mwenzetu anangojea koti."

"Yuko wapi?"

"Pale ng'ambo, kwenye mashine za kufulia nguo. Kuko joto. Tulishuka basi moja, yeye akakimbia na shati tu, watu wakafikiri ameiba kitu."

Haukupita muda, koti likarudi likiwa na mchora mabango. Muuguzi alimzuia mlangoni. "Wewe si umetoka sasa hivi?"

"Lililotoka ni koti, sista. Mimi ndiyo kwanza nafika."

Mjomba alicheka mpaka kikohozi kikamshika, muuguzi akatugombeza sote. Mimi nikaangua kilio.

"Mama, unalia nini tena?" mjomba akaniuliza; hivyo ndivyo alivyoniita mimi, binti ya dada yake.

"Wamekuja."

Alinipa lile chungwa. "Umesoma mwisho."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ule ni wa kwake," akasema. "Wetu bado."

Koti liliendelea kuingia na kutoka hadi siku lilipomrudisha yeye mwenyewe nyumbani. Usiku huo nililala fofofo.

Juma lililopita mama yule alipofika sura ya mwisho, watu mkahawani walishusha pumzi kwa huzuni. Mimi nilitoka nje kumpigia simu mjomba. Anaishi Erdington, upande wa pili wa mji, mzee mwenye joto la kutosha na mashati mengi. Mpiga gitaa alihamia mbali, mchora mabango amezikwa kwao Tanga.

"Mjomba, niko kwenye nyumba yetu ya zamani."

"Kuna baridi?"

"Kiasi."

"Koti iko na nani?"

Niligeuka nikatazama kupitia kioo. Kila kiti kilikuwa na koti lake mgongoni.

"Kila mtu ana lake, mjomba."

"Vizuri," akasema. "Pitia huku kwangu basi. Na mimi ninalo, lakini hakuna anayelingojea."