Kompyuta Yetu ya Majaribio

Chumba chetu cha Ipagala kilikuwa na dirisha moja, na vumbi la Dodoma liliingia humo kama mpangaji wa tatu. Hapo ndipo mimi na mwenzangu wa chumba tulipotengeneza programu ya simu, ili wanafunzi wanunue vitu vilivyotumika bila kuuziwa vya wizi.

Wazo lilikuwa jepesi. Aliyeibiwa anaandika namba iliyobandikwa chini ya kifaa chake. Anayeuza naye anaandika ya kwake. Zikilingana, yanatokea maandishi mekundu. Rangi hiyo niliichagua mimi.

Tulizunguka hosteli tukikusanya namba za walioibiwa. Kisha tukahitaji kifaa cha majaribio.

"Weka yako," nikamwambia.

Kompyuta yake ndiyo tuliyoifanyia kazi yote. Aliinunua kwa kijana aliyedai ni ya dada yake aliyemaliza chuo; baba yake, mkulima wa Bahi, aliuza mpunga wa msimu mzima ili aipate. Utafiti wake wa kumalizia shahada ulikuwa humo, na humo tu.

Aliigeuza, akaipangusa vumbi, akanisomea namba.

Maandishi yakatokea: Kifaa hiki kimeibwa.

"Acha utani, wewe," akacheka. "Programu yako imechizika."

Akaandika mwenyewe. Nyekundu.

Nikasema nitafuta taarifa ile, hakuna atakayejua. Hakunisikia. Alikuwa akitazama jina la mwenye mali: binti wa mwaka wa pili, ambaye tangu aibiwe alikuwa akiandikia kazi zake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

"Nilimshika mkono yule," alisema. "Nikamwambia tutaipata."

Akampigia.

Binti alikuja na mjomba wake, na askari nyuma yao.

"Shikamoo, baba," mwenzangu alisema.

Mjomba hakuitikia. "Umeitoa wapi?"

"Nimenunua, baba. Nimewapigia mwenyewe."

"Wote mnanunua. Nchi hii haina hata mmoja anayeiba."

Mwenzangu akaomba walau anakili utafiti wake. Askari akasema kielelezo hakiguswi. Akaibana kompyuta kwapani, akamwonyesha mwenzangu mlango.

"Dada, mimi nilitaka kompyuta yangu tu," binti alisema, akikaribia kulia. Naye hakupewa. Ilibaki kituoni, kusubiri kesi ya mwizi ambaye hakuna aliyemtafuta.

Mwenzangu aliachiwa kesho yake, vumbi la sakafu ya mahabusu likiwa bado kwenye nywele. Siku ya kukusanya tafiti ilipofika, hakuwa na cha kukusanya. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akaenda Bahi kumweleza baba yake.

"Godoro langu liuze," aliniambia mlangoni. "Nitumie nauli ya kurudi, kama nitarudi."

Nikalipiga picha godoro lile, likiwa bado na bonde la mgongo wake, nikafungua programu yetu nilitangaze. Kabla ya kupokea tangazo ikaniuliza, kama tulivyoifundisha, namba ya kifaa.