Sina Neno na Mtu

Fundi alikuwa na sifa moja ambayo hata mafundi wenzake walimpa bila kinyongo: nguo yake ungeweza kuigeuza ndani nje usione aibu. Pindo limelala, ncha za uzi zimekatwa, hakuna nyuzi zinazoning'inia kama ndevu za mbuzi. Wateja wakimtania, "Fundi, huko ndani nani ataona?" yeye hujibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Mungu anaona." Basi hucheka na kwenda zao, wakijua wamepata mshonaji mcha Mungu. Kwa upande wa nguo, walikuwa sahihi kabisa.

Kanisani alikuwa kiongozi wa kwaya. Aliimba sauti ya kwanza, na bega kwa bega naye alisimama mdogo wake, mwalimu wa chekechea, aliyeimba sauti ya pili. Walitumia kitabu kimoja cha nyimbo. Mwalimu alishika, Fundi alifunua kurasa, na vidole vyao havikugusana hata siku moja. Watu walisema sauti zile zimetoka tumbo moja, hazihitaji kinanda. Akina mama waliwaonyesha binti zao: "Mnaona ndugu wanavyopendana?" Laiti wangejua! Siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa miaka kumi na mmoja wawili hao hawakuwa wameketi meza moja, wala kujuliana hali nje ya mlango wa kanisa.

Mambo yalianzia kwenye kifo cha mama yao. Mwalimu ndiye aliyemuuguza, na siku ya Jumatatu alimpigia dada yake simu. "Dada, mama anakuita. Njoo upesi." Fundi alikuwa na tamasha la kwaya Jumamosi, na majoho thelathini yaliyokatwa yalikuwa bado hayajaguswa na sindano. "Nikimaliza tamasha tu, mdogo wangu," alisema. "Mama unamjua, ni chuma. Atanisubiri." Jumatano akapigiwa tena. Ijumaa tena. Jumamosi kwaya ilishika nafasi ya kwanza. Jumapili mama alikufa, akiwa ameuliza mara tatu kama kuna mtu anapiga hodi.

Msibani, shangazi yao hakuwa mtu wa kuzunguka maneno. Alimuuliza Fundi mbele ya wote waliokaa matangani, "Na wewe ulikuwa wapi wakati mama yako anakata roho?"

"Sikuambiwa, shangazi," Fundi akajibu. "Ningeambiwa, ningekuja hata kwa miguu."

Jibu lilimtoka kabla hajalipima. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alimtazama dada yake, akangoja. Fundi akainamisha kichwa akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha kweli, ndiyo maana watu walimwamini. Toka siku hiyo Mwalimu akawa yule binti aliyemficha mama yake mzazi asionwe na mwenzake. Shangazi alikufa bila kumsemesha tena.

Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kwa Fundi walikosea, maana yeye hakusahau hata siku moja. Na tusikimbilie kumwita mnafiki tukamalizana naye. Alifunga, aliomba, aliwashonea yatima sare kwa mkono wake mwenyewe usiojua kuchoka. Kila alipopiga magoti alimwambia Mungu mengi ya kweli, akiliruka hilo moja, kama mtu anayefagia nyumba akilizunguka kabati zito. Alijiambia kwamba akisema, kwaya itavunjika, washiriki watakwazika, jina la Bwana litatukanwa. Jina aliloliogopea lilikuwa lake, na hilo nalo alilijua.

Kanisa lao lilikuwa na desturi. Ijumaa alasiri kabla ya Meza ya Bwana, washiriki waliketi kwenye mabenchi ya mbele, na mzee wa kanisa akamuuliza kila mmoja kwa zamu, "Una neno na ndugu yeyote?" Mwenye neno alipaswa kwenda kupatana kwanza, ndipo aje mezani. Ila mazoea yana tabu. Miaka ilivyokwenda, "Sina neno" lilikuwa jibu la kutoka mdomoni tu, kama mtu anavyoitikia "salama" huku ana homa. Fundi alikuwa amelitoa zaidi ya mara arobaini. Mwalimu pia, kwa sauti ndogo, macho sakafuni.

Sasa ikawa Ijumaa moja, Mwalimu alipoulizwa, akanyamaza. Mzee wa kanisa, akidhani hakusikika, akarudia swali.

"Ninalo," alisema Mwalimu.

Benchi zima likageuka.

"Ninalo na dada yangu. Si la kusema hapa mbele za watu, mzee. Ninachoomba ni aje nyumbani kwangu tuongee. Hata kesho." Akamgeukia Fundi. "Dada, nakuomba. Njoo."

Alichotakiwa Fundi kusema kilikuwa kifupi: nitakuja. Kilimfika kooni kabisa. Kisha akamwona mke wa mchungaji anamtazama, akawaona wanakwaya wake wamekodoa macho, akajikaza.

"Mimi sina neno na mtu," alisema, akatabasamu. "Labda mdogo wangu amechoka."

Mzee wa kanisa alishusha pumzi, akashukuru, akapita kwa mwingine. Jumapili Fundi alikwenda mezani na wenzake. Mwalimu alibaki kwenye benchi, mikono mapajani. "Maskini, moyo mgumu tu," mama mmoja alinong'ona. Fundi alisikia vizuri sana, na hakufungua mdomo ila kupokea mkate.

Baada ya hapo Mwalimu hakuonekana kwenye kwaya. Ilisemekana anaumwa kichwa. Fundi alipanga kwenda kumwona, kisha zikaja sare za shule, kisha zikaja suti za maharusi, kisha ikaja aibu ya kuchelewa kwenda, ambayo ni ngumu kuliko zote. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Mchana mmoja, shemeji yake, mume wa Mwalimu, alifika kwenye kibanda cha ushonaji. Alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache. Fundi akamsogezea stuli.

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Sikai. Mwenzangu ana uvimbe ndani ya kichwa. Daktari alimwambia siku moja kabla ya ile Ijumaa yenu. Alimwambia kumbukumbu zitaanza kupotea, kwa hiyo aliye na la kusema naye aseme mapema. Mtu wa kwanza aliyemtaka ni wewe."

"Mbona sikuambiwa?" Fundi aliuliza, na lilipomtoka akalisikia kwa masikio yake mwenyewe. Akaushika ukingo wa meza.

"Alinikataza," shemeji akasema. "Alisema ukijua anaumwa, utakuja kwa huruma. Yeye alitaka uje kwa kweli."

Fundi aliiacha suruali ya mtu chini ya sindano, hakufunga hata mlango. Alikwenda na chaki bado vidoleni.

Chumba cha Mwalimu kilikuwa cheupe na safi, kimebandikwa michoro ya watoto wa chekechea, nyumba zilizopinda na majua yenye miguu. Mgonjwa alikuwa ameegemezwa mito miwili, kichwa kimefungwa kitambaa, amepungua hata mabega yametokeza. Fundi hakusalimia. Alipiga magoti kando ya kitanda akayasema yote.

"Uliniambia. Jumatatu uliniambia, Jumatano, na Ijumaa. Mimi ndiye sikuja. Nilimdanganya shangazi nikakuacha ubebe aibu yangu miaka yote hii, na juzi kanisani nikakukana tena. Nisamehe, mdogo wangu. Sina hata cha kujitetea."

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, vile alivyowasikiliza watoto wake walioanguka uwanjani. Kisha akachukua pindo la shuka akamfuta machozi.

"Pole, mama," alisema. "Umebeba mzigo mzito. Lakini sasa usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe. Nenda leo hii, usimchelewe. Atakusamehe tu, ndugu ni ndugu."

"Ni wewe," Fundi akasema. "Ni mimi, dada yako. Nitazame."

Mwalimu alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa upole wote, akatikisa kichwa polepole kama anayeogopa kumuumiza mgeni.

"Dada yangu ana kazi nyingi," alisema. "Ila atakuja. Nilimwomba mwenyewe. Wewe pumzika hapa kwanza, akija mtaongea, yeye anajua sana kuwaombea watu."

Fundi akajivuta kutoka magotini, akashika kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na mto. Mwalimu akanyoosha mkono haraka kumzuia.

"Samahani, mama, usikalie hicho. Nimemwekea yeye."

Fundi akaketi sakafuni, na wote wawili wakamsubiri.