Walimwita mama "hysterical", kumbe mbavu zimevunjika

Amahoro wakuu,

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa nimesimama palepale.

Sisi ni wa Rumonge, ng'ambo ya ziwa ukitokea Kigoma. Baba alikuwa fundi cherehani sokoni, ukoo wake ulitokea Congo. Mwaka 1972 mambo yalipoharibika, watu wakawa wanauawa, tukavuka ziwa hadi upande wa Kigoma. Baba alibaki nyuma.

Hatukumwona tena.

Wakati wa kupanda boti watu walisukumana, mama akaangukia ubao. Tangu hapo kila akivuta pumzi anaguna.

Nikampeleka hospitali. Daktari Mzungu, Kiingereza tu. Mimi nilisoma Kifaransa, kwa hiyo nesi akatutafsiria. Daktari akauliza mume yuko wapi. Mama kusikia hivyo akaangua kilio.

Basi, kesi imeisha! Hata hakumgusa. Akamgeukia nesi: "Hysterical."

Neno hilo nilishalisikia shuleni kwa Kifaransa. Ndivyo tulivyoitwa wasichana tukipiga kelele. Nikachemka.

"Anasema mama yangu ni mwehu?"

Nesi akaona aibu. "Anasema ni huzuni tu. Apewe aspirini, apumzike."

Nikamweleza mama.

"Mana yanje, Mungu wangu! Mutu hawezi kulilia bwana yake na kuumia ubavu pamoja? Mwambie akamate hapa!"

Mama hakungoja tafsiri. Alichukua mkono wa daktari akaubandika mwenyewe ubavuni pake. Akapiga yowe, daktari akauondoa mkono haraka.

Picha ikapigwa. Mbavu mbili zimevunjika.

Pole? Hakusema.

Miaka baadaye, nimeshakuwa mwalimu, nikafungua kamusi. Neno limetoka kwenye Kigiriki, hystera, yaani mfuko wa uzazi. Wakuu, watu wa kale waliamini mfuko huo unatangatanga mwilini na kumvuruga mwanamke! Na watu waliosoma wakaendelea kulitumia hilo neno hospitalini!

Nikamsomea mama. Akaweka kisu na muhogo chini.

"Unatangatanga? Huu wangu umezaa watoto saba, haujatoka hata kwenda sokoni."

Alicheka mpaka akajishika ubavu. Mimi hasira haijaniisha hadi leo.

Nilichojifunza: ukipewa jina la ugonjwa kwa lugha usiyoijua, usinyanyuke kwenye kiti. Uliza wamelitoa kwenye kipimo, au kwenye machozi yako.

Nani mwingine humu alipewa jina badala ya kupimwa? Andikeni, tukasirike pamoja.