Vidonge viwili vya siku ya Idi

Saumu ameanika ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga wa mji wa Baraka tangu usichana wake, na bahati isiyo na haya ikampa mtoto asiyeweza kuwala. Jamila, miaka sita, akionja hata mmoja midomo ilivimba na tumbo likaharisha siku mbili. Maziwa nayo yalimchafua tumbo. Nyumbani kwa Nasoro, mumewe Saumu, watoto tisa walizunguka sinia moja. Jamila alikaa peke yake ukutani na bugali yake na majani ya muhogo. Jambo hilo lilimuuma bibi yake, mama yake Nasoro, kuliko jino bovu.

Kisha dada yake Saumu aliyeko Uvira akatuma chupa ya vidonge vya kutafuna, vitamu kama pipi, vyenye vijidudu vizuri vya kutuliza tumbo la mtoto. Saumu alivipeleka kwa muuguzi Bertin avisome.

"Mupe kimoja kila asubui," alisema Bertin. "Lakini inasaidia tumbo tu, mama. Samaki asiguse, hata kidogo."

Wiki tatu mtoto hakuharisha. Mashavu yakajaa. Wanawake wa ufukweni waliokuwa wakinong'ona kwamba amerogwa wakanyamaza, na Saumu, aliyemeza maneno yao miaka yote hiyo, akashindwa kujizuia. Ulimi hauna mfupa. Alisimama uani mbele ya mama mkwe na majirani.

"Mutoto yangu amesha pona. Na hii dawa, atakula kila kitu."

Ya Bertin hakuyasema. Yangempunguzia raha.

Siku ya Idi alikuwa kwa jirani akirudisha sufuria aliposikia anaitwa. Jamila alikuwa amelala mkekani kando ya sinia, uso umevimba hadi macho yamefumba, pumzi ikikwaruza. Nasoro aliwasha pikipiki, Saumu akampakata nyuma. Kabla hawajafika kituo cha afya, mkwaruzo ule ulikoma.

Walimzika siku ileile. Bibi alikaa sakafuni, chupa mikononi, na wanawake wa matanga walingoja Saumu amrukie.

"Nilimupa mbili mbele ya kumuita kwa sinia, mama Jamila," alisema bibi. "Niliona moja ni kidogo kwa ndagala. Ilifaa nimupe tatu?"

Saumu alipiga magoti, akaitoa ile chupa mikononi mwake.

"Hapana, mama," alisema, na wote wakasikia. "Bertin alikataza samaki. Ni mi sikukuambia."