Debe la Kufukuzia Nyani

Mimi ni mtu wa nyumbani tangu zamani. Askari wenzangu wakipata likizo walikwenda kutembea Morogoro mjini. Mimi nilikuja hapa Mikumi kukaa kibarazani na kumwelekeza mke wangu, Mama Rehema, namna ya kupika maharage anayoyajua kuliko mimi. Kisha nikapelekwa nchi ya watu kulinda amani, nikaona niliyoyaona. Nilirudi na miguu yote miwili, tukadhani nimerudi mzima.

Ugonjwa ulianzia masikioni. Tairi la lori likipasuka barabarani, jasho linanitoka, taya zinakaza mpaka meno yanauma. Halafu inakuja hasira. Binti yangu Rehema akinipa shikamoo, namuuliza anataka nini.

Shamba letu limepakana na pori, na nyani tunawafukuza kwa kupiga debe. Asubuhi moja Mama Rehema alilipiga nyuma yangu nikiwa nimeinama napalilia. Nilipopata akili, nilikuwa nimemshika mkono na kuupinda, na Rehema analia, "Baba, ni mama huyo."

Mkono ulivunjika, na mfupa ukaunga vibaya. Na debe mke wangu akaacha kulipiga. Nyani walikula mahindi yetu huku anawatazama, kimya, kwa ajili yangu.

Nikaenda Kilosa hospitali. Daktari akaniambia, "Mzee, huu ni ugonjwa na unatibika. Ila mkono wa mama ni jukumu lako." Pamoja na kliniki ya kila mwezi, akaniwekea programu kwenye simu niliyokuwa naangalizia mpira. Hasira ikianza, naifungua programu, nayo inaniuliza hasira imeshika wapi mwilini. Kisha sauti inaniambia nitoe pumzi polepole, niage, nisogee pembeni. Mwanzoni niliitukana sauti yenyewe.

"Baba Rehema, siku hizi unagombana na simu?" mke wangu akanitania. "Afadhali. Yenyewe haina mkono."

Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Polepole nikajifunza kuikamata hasira ikiwa bado kwenye taya. Msimu huu mahindi yalipobeba, nikamletea Mama Rehema debe.

"Piga. Mimi nakaa hapa na simu yangu."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mbwa huyu haumi. Akaligonga kidogo, kama anabisha hodi ugenini.

"Kwa mlio huo nyani watadhani unawakaribisha chai," nikamwambia.

Akapiga kweli. Taya zikakaza, masikio yakawaka moto. Nikatoa pumzi, nikatoa tena. Nyani wakakimbia. Mimi nikabaki nimekaa.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru mwanamke ambaye hakuondoka ingawa sababu nilimpa. Wewe uliyerudi kama nilivyorudi mimi, nenda hospitali mapema, kabla hasira yako haijamfikia mtu wa nyumbani. Simu imenifundisha kutulia, lakini mkono haikuunyoosha. Mama Rehema hawezi kusonga ugali, kwa hiyo nasonga mimi. Ugali wangu una madonge. Wanakula, wananicheka, nami kila nikishika mwiko nakumbuka kwa nini ninaushika.