Duka la Dawa Kwenye Pindo la Kitenge

Mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, katika soko letu la Gisenyi hakusomea udaktari, jambo ambalo halijamchelewesha hata kidogo. Vidonge vya maumivu huvifunga kwenye pindo la kitenge. Vikaratasi vyake vya maonyo huvitumia kufungia samaki wa kukaanga. Ukishika kiuno tu, vidole vyake vyenye mafuta vimeshafungua fundo.

"Meza mbili, mugongo itanyamaza."

"Na tumbo ikiwaka?"

"Bon, iko ingine ya tumbo."

Tunameza, tunashukuru. Jana binti yake Umulisa, shavu limevimba kwa jino, alinyoosha mkono apewe kimoja. Mama alikaza fundo upesi.

"Hii hapana! Itakuharibia tumbo. Twende hospitali."

Sisi wagonjwa wake tuliwasindikiza kwa macho, kila mmoja kashika tumbo lake.