Nilificha kiinua mgongo, baba mdogo akakimwaga dirishani

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Karatu, sijaazima kwa mtu.

Nilikuwa mhudumu wa lodge moja, jina tuache. Low season wageni wakakata, tukapunguzwa kazi, nikapewa kiinua mgongo. Kwetu Endulen pesa ikikaa bila kwato haitulizi moyo, kwa hiyo nikanunua mitamba wawili, baba mdogo akawa anawachunga.

Wife mjamzito, kodi ya chumba inakuja. Tegemeo likabaki fao la kukosa ajira.

Sasa kijiweni wakanijaza: wakijua umelipwa kiinua mgongo, fao sahau. Na mimi nilikuwa na jingine la kuficha. Camp moja ilishanipa offer letter, kuanza baada ya miezi miwili. Nikaapa kufunga mdomo. Nikinyimwa, mitamba wanaenda mnadani.

Kosa langu ni kwenda ofisi ya mafao na baba mdogo. Alikuwa mjini siku hiyo, akagoma kuniacha niende peke yangu.

Kwa wasiojua, sisi Wamaasai tukikutana tunakula habari. Unasema ulikotoka, mifugo, wagonjwa, mvua, mpaka ziishe. Ukibakiza umemdharau mwenzako.

Dada wa dirishani akamsalimia tu kwa heshima: "Shikamoo baba, habari za huko?"

Nikajua nimekwisha.

Mzee akaegemea fimbo. Nyasi. Kupe. Goti la mama. Kisha: "Huyu kijana walimpa pesa ya kumuaga, tukanunua mitamba wawili, mmoja mweupe ana kovu. Na kazi nyingine ameshapata, bado kuanza."

Aibu niliyoipata sijawahi. Foleni nzima inanitazama.

Dada akacheka, akanielewesha. Kiinua mgongo ni haki yangu kwa mwajiri, hakizuii fao. Na barua ya kazi siyo kazi, mpaka nianze. "Ila siku unayoanza, uje useme. Ukinyamaza, pesa utazirudisha."

Fao likatoka. Mtoto akazaliwa salama, wa kike.

Camp ikafungua, nikaanza kazi. Hapo tamaa ikanishika wakuu, sidanganyi. Nile mwezi mmoja wa juu, nani atajua?

Baba mdogo akapiga simu: "Yule binti wa ofisini umempa habari?"

Kesho yake nikaomba ruhusa nikaenda. Fao likasimama, na roho ikatulia.

Nilichojifunza: mambo ya mafao uliza ofisini, kijiweni watakupoteza. Mimi nilikuwa nauficha ukweli ambao ulikuwa upande wangu.

Jana mzee kapiga tena. Mtamba mweupe ana mimba, dada aambiwe. Nikamwambia hilo halihusu ofisi. Akanuna kweli: "Amekula habari zetu, unamwachia nusu?"

Off yangu ni Alhamisi. Niende, au nyie mngefanyaje?